Ubao wa Kando ya Mlango

Kabla ya kuwa shule, jengo lile lilikuwa machinjio. Machinjio yalipohamishwa likabaki gofu na harufu yake, na watu wa mtaa wakapita wameziba pua. Mwanamke mmoja hakuziba. Alikuwa mwalimu aliyeacha kazi kumuuguza mwanawe, aliyegongwa na lori akienda shule ng'ambo ya barabara kuu. Mtoto alipona, mguu ukabaki na kilema, na kila asubuhi mama alimvusha roho mkononi.

Basi akalisugua gofu lile, liwe shule ya upande wao wa barabara, mpaka watu wakampachika jina la Mama Sabuni. Wachinjaji wa zamani wakamtania, "Mama, utafundisha ng'ombe?" Yeye akaendelea kusugua.

Tatizo lilikuwa sakafu. Ilijengwa na mteremko, kutoka mlangoni hadi mfereji wa ukuta wa nyuma, ili damu ijiondokee. Watoto walipoletwa kujaribu darasa, ziliteremka penseli, kisha mtoto mzima na kiti chake. Mkaguzi wa shule hakuuma maneno: akirudi akute madawati yamesimama sawa, la sivyo shule haifunguliwi.

Shemeji yake, seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari, akajitosa. "Shem, miguu ya nyuma naiongeza urefu, kazi imekwisha."

Akachonga kutwa kucha, bila kuuliza watoto wanatazama wapi. Asubuhi ya ukaguzi wakayapanga madawati kuelekea ubao, uliokuwa kwenye ukuta wa mfereji. Lo! Yakazidi kuinama mbele, kama ng'ombe mtoni.

"Nimekuharibia, shem," seremala akasema.

Mama Sabuni alikaribia kulia, kisha akaangua kicheko. "Umepatia! Ukuta ndio uliokosea. Ng'oa ubao huo!"

Wakauhamishia kando ya mlango, wakageuza madawati. Wachinjaji waliokuja kucheka wakajikuta wanabeba.

Mkaguzi aliweka kikombe chake cha chai juu ya dawati, akainama kukichungulia. Chai ilitulia sawasawa.

"Fundisheni," akasema.

Ubao haujahama tangu hapo, na mchelewaji hana budi kupita mbele ya darasa zima. Mama Sabuni anasema hiyo ndiyo adhabu pekee anayoihitaji.

Lakini siku ya kwanza ya masomo hakuna aliyechelewa. Mwanawe alitoka nyumbani peke yake, akachechemea kando ya kuta za majirani, hakushikwa mkono na mtu. Mama alimngoja mlangoni. Mtoto akasimama wima mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba!" akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka barabara kuu.