Makoti Kumi na Mawili na Uso Mmoja

Uso wa fundi huyu uling'aa, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote. Saa tatu asubuhi pua ilianza, saa nne paji la uso likaitikia, na ikifika saa sita ungeweza kujichana nywele mbele ya shavu lake bila kutafuta kioo. Ndiyo maana kwenye duka la ushonaji alikofanya kazi miaka kumi na mmoja aliitwa Taa. Aliyempa jina hilo ni Dada wa Pasi, mwanamke aliyepiga pasi, akashona matundu ya vifungo, na kuwabandika watu majina ambayo hayakubanduka tena.

Tuseme ukweli kabla hatujamcheka: kwa ushonaji, Taa hakuwa na mpinzani. Koti lililotoka mikononi mwake lilimkaa mtu kama vile alizaliwa nalo. Alikuwa na mashine yake kwenye chumba cha ndani, chini ya dirisha pekee, na hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Akimaliza kushona kifungo hakuhangaika na mkasi. Aliinama, akakilaza kidevu na shavu juu ya kitambaa, akakata uzi kwa meno. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Mama Duka, alimkemea mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili akachoka.

Lakini mwenzetu hakuwa na habari na ufundi wake. Alichokitaka ni kukaa mbele. Mbele, karibu na mlango wa kioo, palikuwa na meza, kiti chenye mto, daftari la vipimo na futi ya kupimia wateja. Mama Duka ndiye aliyekaa hapo, ila magoti yalikuwa yamemchosha na alishatangaza kwamba anatafuta mtu wa kumpokea. Taa alijiona tayari kwenye kile kiti, amevaa tai, watu wanamwita bwana. Siku moja akapiga moyo konde, akaenda kuomba.

"Kwa uso huo, fundi?" Mama Duka alimuuliza. "Mteja akikuona atadhani tunakaanga humu."

"Nitaupunguza, mama."

"Utapunguza uso?"

"Mafuta."

Mama Duka alimtazama, nusu kwa huruma, nusu kwa kucheka. Kisha akasema, "Wiki tatu kutoka leo, Jumamosi, meneja wa hoteli anakuja kuchukua makoti ya wahudumu wake. Kumi na mawili. Makoti yakiwa safi na uso ukiwa mkavu, kiti ni chako."

Taa alirudi nyumbani kichwa kimevimba. Mkewe alimsikiliza huku anakunja nguo, akamwambia kwa upole, "Nawa uso asubuhi, nawa jioni, yaishe. Mimi nimeolewa na uso huohuo, sijaona kasoro." Ulikuwa ushauri mzuri kabisa, na kwa kuwa ulitoka kwa mkewe, na wa bure, Taa aliupuuza.

Bahati mbaya shemeji yake alikuwepo. Huyu mdogo wa mkewe alifanya kazi ya kufua taulo kwenye saluni kwa miezi mitatu, akatoka humo daktari wa ngozi. Alitembea na sanduku la magurudumu lililojaa chupa, na alizungumza na uso wa mtu, si na mtu mwenyewe. Alimshika Taa kidevu, akamgeuza huku na huku mbele ya dirisha.

"Shem, watu wanakudanganya. Ngozi yako haina mafuta. Ngozi yako ina kiu."

Taa hakuwahi kuambiwa kwamba ngozi yake ina kiu. Aliguswa mpaka akameza mate.

Jioni ile ile ratiba iliandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Asubuhi vitu saba, jioni vitu tisa. Kulikuwa na sabuni ya povu, na baada ya sabuni maji ya kufutia yaliyowasha mpaka macho yakatoa machozi. Kulikuwa na seramu ya matone matatu, "si mawili, shem, wala si manne." Kulikuwa na krimu ya kulainisha kile kilichokaushwa na maji, na poda ya kukausha kile kilicholainishwa na krimu. Jioni ndiyo ilikuwa kazi kweli: punjepunje za kusugulia, kisha udongo wa kijivu uliopakwa uso mzima, akakaa kitandani dakika ishirini bila kucheka wala kuzungumza, na watoto wakaja mlangoni kumwangalia baba yao kama sanamu. Vyote alipewa kwa hisani ya undugu, na undugu huo ulilipiwa taslimu.

"Ikiwasha ujue inafanya kazi," shemeji alisema. Kwa kipimo hicho, ilifanya kazi sana.

Wiki ya kwanza uso uliamka mkavu kama ukuta usiopakwa rangi, na ifikapo mchana mafuta yakarudi mara mbili ya yale ya zamani, tena kwa hasira. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Taa aliongeza kunawa. Alinawa nyumbani, akanawa akifika kazini, akanawa kabla ya chakula na baada yake, taulo shingoni, kwenye bomba la uani. Vipele vikaanza kumtoka kidevuni, maana ngozi ukiisugua kama sufuria nayo ina haki ya kulalamika.

"Kaka," Dada wa Pasi alimwambia, "hiyo ngozi ukiendelea nayo hivyo itaomba uhamisho."

Taa akaenda duka la dawa. Mfamasia, binti mpole, alimtazama mara moja tu akamaliza. Alimwambia anawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, apake losheni nyepesi isiyo na mafuta, asubuhi aongeze krimu ya kuzuia jua, basi. "Ukiikausha sana inajitetea, inatoa mafuta zaidi," alisema. "Na acha kusugua."

Vitu vitatu. Taa aliona kama ametukanwa. Mtu anayegombania kiti chenye mto ataokolewa vipi na vitu vitatu? Aliomba kitu chenye nguvu. Mfamasia alisita, kisha akampa tyubu ndogo ya dawa ya chunusi: apake kidogo, juu ya kipele tu, jioni tu, na asome karatasi iliyo ndani. Karatasi aliikunja mara nne akaitia chini ya mguu wa kitanda uliokuwa ukiyumba. Tyubu aliipeleka kwa shemeji, ambaye aliinusa akatoa hukumu. Kama kidogo cha jioni kinasaidia, kingi cha asubuhi kitasaidia zaidi.

Tangu siku hiyo Taa alijipaka dawa ile kila asubuhi, mashavuni, kidevuni na mdomoni pembeni, kama anayepaka siagi, akaenda nayo kazini mfukoni ili aongeze mchana.

Na ajabu, mng'ao ulipungua. Wiki ya tatu uso ulikuwa mwekundu kidogo, unabanduka pembezoni mwa pua, lakini haukung'aa. Taa alishangilia moyoni. Alianza kuvaa tai, ya kijani, akishona nayo huko ndani ambako hakuna wa kumwona isipokuwa Dada wa Pasi na cherehani. Wakati wa chakula, Mama Duka akitoka, alikwenda kukaa kwenye kile kiti, akaweka mguu juu ya mguu, akajaribu kusema "karibu" kwa sauti ya watu wakubwa.

Makoti yenyewe yalikuwa ya pamba nzito, bluu iliyokolea, yenye vifungo sita kila moja. Alhamisi ilikuwa siku ya vifungo. Taa alishona vifungo sabini na viwili tangu asubuhi mpaka jioni, na kila kifungo akainama, akakata uzi kwa meno, akaenda kingine. Hakuwahi kushona vizuri kama siku ile, na alijua.

Ijumaa asubuhi alimkuta Dada wa Pasi amesimama, pasi mkononi, hapigi.

"Kaka, njoo uone."

Pembeni ya kila kifungo palikuwa na baka lililopauka, la rangi ya chai ya maziwa. Koti la kwanza, la pili, la tano. Pasi ilipopita, baka lilizidi kujitokeza. Taa aliyafungua yote kumi na mawili mezani. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Hakuchukua hata dakika kumjua mwenye makosa. Alitoka mbio mpaka mtaa wa pili, kwa mzee aliyewauzia vitambaa tangu duka lifunguliwe, yule waliyemwita Mzee wa Majora kwa sababu ya majora yaliyojaa dukani kwake mpaka darini. Alimleta kwa kumshika mkono wa shati. Mbele ya Mama Duka, mbele ya Dada wa Pasi, na mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua suruali zao, akamwambia, "Mzee, umetuuzia kitambaa kinachochuja. Wewe ni tapeli."

Mzee wa Majora hakubisha. Alivaa miwani, akatandaza koti, akalipapasa kwa kidole gumba. Akaligeuza ndani na nje. Akaokota sakafuni kipande kilichobaki kwenye kukata, cha jora lilelile, akakitia mate, akakisugua kwenye karatasi nyeupe ya daftari la vipimo. Karatasi ilibaki nyeupe.

"Kitambaa cha kuchuja huchuja kote," alisema. "Hiki kimechagua vifungo. Vifungo kashona nani?"

Wote walimgeukia Taa.

"Uzi unakatia nini, kijana?"

"Mkasi," Taa alisema.

Dada wa Pasi alikohoa. "Meno," akasema.

Mzee alinyoosha mkono, akaishika ile tai ya kijani, akainyanyua kidogo. Chini ya kidevu ilikuwa imepauka vilevile, na kola ya shati nayo. "Makoti yako hayajachuja," alisema taratibu. "Yamepigwa busu."

Mteja mmoja alicheka mpaka akashika meza. Mama Duka hakucheka. Alinyoosha kiganja tu, na Taa akatoa tyubu mfukoni akamkabidhi. Mama Duka aliisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti maandishi madogo ya mgongoni: epuka isiguse nguo, hutoa rangi.

"Ulishaniita tapeli mbele ya watu," Mzee wa Majora alisema, anavua miwani. "Niombe radhi kabla hao watu hawajaondoka."

Akamwomba. Maneno yalitoka mojamoja, na mdomo ulimuuma kila alipoufungua, kwa kuwa pembe zake zilikuwa zimepasuka kwa ukavu.

Mama Duka alimpigia simu meneja, akambembeleza mpaka akapata wiki moja. Mchana jora jipya liliingia. Taa alishalipeleka kwenye meza yake ya ndani na kushika chaki alipomsikia Mama Duka nyuma yake.

"Acha hiyo. Dada atashona."

"Mama, nitatumia mkasi. Naapa."

"Umesema mkasi leo asubuhi, mbele yangu, na meno unayo mdomoni." Aliichukua chaki akampa Dada wa Pasi. "Wewe nenda mbele. Si ndiko ulikotaka? Huko hakuna uzi."

Na huyu bwana, mtanisamehe, alifurahi. Siku mbili nzima alifurahi. Alimwambia mkewe amepandishwa cheo, na shemeji akajitwalia sifa zote, akamletea chupa nyingine mbili. Mkewe alimuuliza swali moja tu, "Na mashine yako?" Akajibu kwamba mashine ipo, haiendi popote.

Meneja alipokuja Jumamosi iliyofuata, Taa alikuwa mlangoni, mkavu, na tai mpya. Mhudumu mmoja aliyekuja naye alijaribu koti. Mkono wa kushoto ulivuta kidogo nyuma, kiasi cha unene wa sarafu, na Taa aliona palepale kosa lilipo na jinsi ambavyo angelirekebisha kabla ya chai. Meneja hakuona kitu. Alisema makoti ni mazuri sana, akampa Dada wa Pasi mkono. Taa aliwafungulia mlango, na kifua kilimuuma kwa namna ambayo krimu zake zote zisingeifikia.

Jumatatu akaja bwana harusi mtarajiwa, kijana mrefu mwenye bega moja lililo chini kuliko jingine. Taa alimpitishia futi mgongoni, na vidole vyenyewe vikaanza kupanga mahali pa kuongeza pamba na pa kupunguza, mpaka bega lile lisionekane na mtu siku ya harusi. Kazi ya namna hiyo aliipenda kuliko zote. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu, hata kwa nafsi yake.

"Utanishonea wewe mwenyewe?" kijana aliuliza.

"Atashona mwenzangu, yuko ndani."

"Kwani wewe hushoni?"

Huko ndani mashine ilikuwa inakimbia. Taa aliikunja futi, akaikunjua tena.

"Mimi napima tu," alisema, akaandika vipimo vya bega.