Miche Niliyoing'oa kwa Mikono Yangu

Mimi ni Mkuria wa Kehancha, na ulimi wangu haujawahi kujua breki. Nilipoolewa kwa Waluo, kando ya ziwa upande wa Homa Bay, mama mkwe alinipokea vizuri. Akaniita nyar Kehancha, binti wa Kehancha, akanionyesha kipande cha shamba kinachoshuka hadi majini. "Hapa ni pako," akasema. Basi nikajiona mwenye shamba.

Mvua zilipoanza nikanunua miche ishirini ya michungwa. Nilitaka bustani yangu mwenyewe, nisiwe mke wa kungojea samaki wa mumewe kila siku. Desturi ya boma hilo niliijua: hakuna mke anayepanda mbegu kabla mama mkwe hajatangulia. Lakini nilidhani hiyo ni ya mahindi na mtama. Mchungwa ni mti, jamani. Nikaipanda yote kwa siku mbili, kiuno kikaniuma vibaya.

Siku ya tatu mama mkwe akaja, akasimama ukingoni mwa shamba, hakukanyaga ndani.

"Nyar Kehancha, nani amepanda mbele yangu?"

"Mama, hii ni miti tu."

"Na mti hautoki kwa mbegu?"

Akageuka, akaenda zake. Mume wangu akaniambia mama yake atatulia mwenyewe. Wapi. Mama mkwe alikataa hata chai yangu, na hapo nikaona wazi kwamba nikiishinda vita hii ya miti, nimelipoteza boma. Watu husema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi yangu yote mawili nilikuwa bado nayataka. Nilikasirika, sitasema uongo. Nikachukua jembe, nikang'oa mche mmoja mmoja na udongo wake, nikaurudisha kwenye mfuko ulionunuliwa nao, huku nalia. Kisha nikaenda kwake.

"Mama, nimeing'oa. Njoo uanze."

Siku nne nzima hakuja. Majani yakajikunja, miche minne ikafa kabisa. Siku ya tano akatokea amevaa gambuti zake, viatu vya mpira vya kuingilia shambani, akachagua mche mnyonge kuliko yote, akaupanda katikati ya njia.

"Haya, panda yako."

Nilipanda mbio kama mtu anayefukuzwa.

Huu ni mwaka wa nne, na miti yote kumi na sita imezaa. Hata ule wa njiani, tunaouzunguka kila tukienda kuchota maji. Akina mama wa soko la Rangwe wananiagiza machungwa kabla hayajaiva. Lakini la kwanza, kwa desturi, ni la aliyetangulia kupanda, kwa hiyo nilimwita, na majirani wakaja kutazama. Alichuma moja, akalimenya taratibu, akanipa lote.

"Kula wewe. Mimi nilipanda mara moja. Wewe ulipanda mara mbili."

Nikalila mbele yao, maji yakinitiririka hadi viwikoni, wala sikumgawia mtu.