Vinyota vya Tangi Langu

Mimi na rafiki yangu tuliimba besi pamoja kanisani miaka tisa, na kutoka Mbotela mpaka Makongeni sikumjua mwingine aliyefuga viumbe wa bahari ndani ya nyumba. Kwa hiyo nilipoona vinyota vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vikitambaa kwenye kioo cha tangi langu, nilimwita yeye. Vilikuwa vimekuja vimejificha kwenye jiwe nililoletewa kutoka pwani.

Alikuja na lenzi. Akahesabu mikono: hiki sita, kile saba, mingine mirefu, mingine mifupi.

"Buda, hao ni wasafishaji tu. Wanaosha kioo. Usiwatoe."

Nikaamini. Kila Jumapili baada ya ibada alipitia kwangu na kopo tupu la siagi, akaokota wachache, eti wasizidi. Nami nikamshukuru, nikampa chai na mandazi. Mjinga mimi.

Wakati huo tumbawe langu la zambarau lilianza kutoka mabaka meupe. Nililipata likiwa dogo kama ukucha, nikalilea miaka mitatu hadi likajaa kiganja. Mke wangu akitoka kazini alilisalimia kabla ya kunisalimia mimi. Nikamuuliza rafiki yangu, si hivi vinyota kweli?

"Zi, sivyo! Ni chumvi yako hiyo."

Nikapima chumvi mpaka nikachoka.

Mwezi uliopita nilienda kwake kuchukua karatasi za nyimbo. Hakuwepo, mkewe akanikaribisha. Kwenye tangi lao, kamba mmoja wa madoadoa, mrembo ajabu, alikuwa amekipindua kinyota na kukitafuna mkono mmoja mmoja.

"Huyu hali kitu kingine, shemeji," mkewe akasema kwa furaha. "Bila nyota zako angeshakufa. Mzee hataki kuzifuga hapa, anasema zinakula matumbawe."

Niliumia. Alijua. Alisimama mbele ya tumbawe langu na lenzi mkononi, akijua, kisha akaketi akanywa chai yangu.

Nilivitoa vyote kwa kibano, siku tatu nzima. Tumbawe halikupona.

Jumapili akaja na kopo lake. Nikalitia tumbawe humo, jeupe tupu, nikamrudishia. Aliligeuzageuza, akainama kukitazama kioo changu kisicho na kitu, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa:

"Sasa kamba wangu atakula nini?"