Uwanja Usio na Ukuta

Chuo chetu kiko Moshi mjini, kwenye maghala ya zamani ya kahawa karibu na reli. Nilipopewa kazi ya kuchora upya eneo lile, nilitaka kitu kimoja tu: uwanja mpana katikati, usio na ukuta, ambao mwanafunzi yeyote atajikalia anapotaka. Nimekulia Machame, kwenye vihamba, mashamba ya ukoo yaliyobanana mpaka migomba inapigana vikumbo. Nilijua ninachokitamani.

Kuta za ndani zikavunjwa. Nilisimama kwenye vumbi nikicheka peke yangu kwa furaha.

Wiki haikuisha, mkuu wa karakana, mzee wa Rombo, akapanda mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka, kutoka mlangoni kwake hadi ndani ya uwanja.

"Shikamoo mzee. Haya ya nini tena?"

"Marahaba. Ukuta umeuondoa wewe. Mpaka wangu utajulikanaje?"

Kwetu sale likishapandwa mpakani halivukwi hovyo wala haling'olewi. Ndilo jani tunaloombea msamaha, na ndilo linaloota kwenye makaburi ya wazee. Profesa wa biashara akajibu kwa mstari wake. Maktaba nayo ikajibu. Watu wenye shahada za Ulaya walikuwa wakiinama na majembe mchana kweupe, na wanafunzi wakawa wanafika darasani kwa kuzungukia relini.

Naibu mkuu wa chuo, mtu wa Tanga, hakuelewa kabisa. "Si mng'oe tu hayo maua?" Akaita kibarua. Yule bwana akayatazama masale, akalaza jembe chini taratibu.

"Bosi, ng'oa wewe. Mimi nina watoto."

Naibu akanigeukia mimi, mwenye mchoro. Nikalishika sale moja kwa mikono miwili. Nikamkumbuka baba, amelala kihambani chini ya mengine kama hayo, nikaliachia. Niliona aibu, nikaona na hasira. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Kikabaki kipande cha katikati, na watu wa uhasibu walishaanza kukizengea. Kesho yake asubuhi nikakiwahi. Nikapanda masale yangu pande zote nne.

Uwanja upo hadi leo, hauna ukuta, nyasi zimestawi. Mchana nakaa humo na chai yangu. Wanafunzi wanasimama nje ya mstari wakila ndizi za kuchoma. Nikiwaita waje wakae, wananijibu kwa adabu, "Hapana mwalimu, hapo ni kwako."