Nyuzi za Mzee Faki

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu Zuwena, si siku ya harusi yangu. Ni siku niliyokwenda kwa Bi Raya binti Hamad, hapo Jadida, Wete, kumpa mkono wa tanzia, nikatoka na gita la besi begani.

Nakuandikia haya kwa sababu jana ulinionesha kwenye simu gita jekundu linalouzwa mjini Chake. Ukanambia, "Bibi, zuri hili, tena rahisi, mwenyewe keshafariki." Hayo ya mwisho uliyasema kama mtu anayetaja bei ya ndizi.  Jibu langu ni refu, bora ulisome polepole.

Mume wa Bi Raya alikuwa Mzee Faki Shaame, seremala, ndiye mpiga besi wa kikundi chetu cha taarabu. Ndiye pia aliyenifundisha, na watu wakisema mwanamke na besi wapi na wapi, yeye akiwajibu kuwa gita halijui kanga wala kikoi. Alikuwa na kawaida yake moja. Wimbo ukiisha, wenziwe wote washanyamaza, Kombo, mpiga ngoma ya dumbaki, keshajifuta jasho, ndipo yeye anagonga uzi mnene mara moja, duu, kama mtu aliyesahau kofia yake akarudi kuichukua. Watu wakicheka kila mara. Akapata homa, siku ya tatu akaondoka. Mungu amrehemu.

Nilimkuta Bi Raya kwenye eda, amekaa juu ya jamvi. Gita limeegemezwa ukutani, limefunikwa kanga. Tulipomaliza kulia akanambia, "Mize, kaniwekee hili kwako. Likiwa humu ndani naona kama atarudi kulichukua."

Kaniwekee. Neno moja tu, mwanangu, na maana yake kila mtoto wa Pemba anaijua: ni amana. Lakini miye nilikuwa na miaka kumi na tisa, kikundi kimealikwa harusini Mtambile, na besi Wete nzima tulikuwa na hiyo moja. Mwenye njaa hana miiko, na njaa si ya chakula peke yake. Bi Raya kasema kaniwekee, sikio langu likasikia chukua.

Nikalipeleka nyumbani. Nyuzi zake zilikuwa zimepiga weusi, sauti yake butu kama unagonga godoro. Mie nataka inayong'aa. Ali Makame, mpiga kodiani wetu, alikuwa anakwenda Unguja, nikamwagiza nyuzi mpya. Zilipofika nikazivua za Mzee Faki, nikazitupa uani bila hata kuzikunja. Mama yangu, Bi Salama, ambaye hakutupa kitu maisha yake, akaziokota akaziunga ncha kwa ncha, akazitandika kutoka nguzo ya banda la kuku hadi kwenye mpapai. Ikawa kamba ya kuanikia nguo.

Kwenye mazoezi Kombo akanitania, "Mize, gita limekuzidi kimo. Nani kambeba mwenziwe?" Nikacheka na miye. Nilijiona nimefika.

Siku moja jua la utosi, wakati ambao hata kunguru hunyamaza, nilikuwa ukumbini nyumbani nachambua karafuu, mama yuko uani anatwanga. Akaacha kutwanga. Kimya. Halafu nikasikia, duu. Moja tu.

Nikaenda kwenye gita. Limelala ndani ya kanga yake. Nikalifunua, nikaweka kiganja juu ya nyuzi: zimetulia, baridi. Nikasema moyoni ni masikio yangu. Kesho yake saa ile ile mama akatwanga, akaacha. Kimya kidogo, kisha duu. Safari hii nikatoka uani. Upepo hakuna, jani la mpapai halitikisiki, kanga mbili zimening'inia wima kama zimepigwa pasi. Lakini kamba inatetemeka. Mama kashika mchi wake anaitazama.

Akaniuliza taratibu, "Mize, nyuzi hizi umezitoa wapi?"

Nilimwambia za zamani, hazina mwenyewe.  Aliteremsha kanga zake akazitandaza juu ya ua wa makuti, na tangu hapo hakuanika tena kwenye kamba ile. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mie nilikwenda Mtambile.

Harusi ilikuwa alasiri. Nilipiga vizuri, mwanangu, sitajifanya mnyenyekevu kwa hilo. Wimbo wa kwanza ukaisha, nikazibana nyuzi kwa kiganja. Kombo akajifuta jasho. Watu hawakupiga makofi. Ukumbi mzima umetukodolea macho, wanasubiri, na kila mmoja ukimuuliza anasubiri nini hajui. Bi Mgeni Bakar, mama wa bwana harusi, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mbona hamjamaliza?"

Ikawa hivyo wimbo wa pili na wa tatu. Nyuzi mpya zilikuwa zinang'aa, na nyimbo zote zimekatika mikia.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama amekaa mlangoni, uani hataki kuingia. Akanambia kamba ile imelia tangu alasiri. Inalia, inanyamaza, inalia tena, kama inafuata wimbo unaopigwa mbali.

Asubuhi nikaifungua fundo kwa fundo. Nyuzi tatu zilikuwa nzima. Wa nne, ule mwembamba, mama alikuwa ameukata kufungia mlango wa banda, umeshika kutu. Nikazichukua zote, na gita, mpaka kwa Bi Raya.

Alilifunua gita, akapitisha kidole juu ya nyuzi zile mpya, akaurudisha mkono wake kama aliyeshika samaki mbichi. "Zake ziko wapi?"

Nikamwekea mapajani.

"Nilikwambia uniwekee, Mize. Sikukwambia ulipige, wala ulivue. Nguo zake nimeshazitoa sadaka. Jasho la mikono yake lilikuwa limebaki humu tu." Hakunifokea. Angenifokea ningepona mapema.

Akanitaka nizirudishe pale pale mbele yake. Tatu zikarudi, wa nne ukabaki mpya. Akanambia, piga. Nikapiga wimbo mmoja mfupi, nikanyamaza. Bi Raya akafumba macho, akasubiri, na miye nikasubiri naye. Ikaja, duu. Mpaka leo siwezi kukuapia kuwa kilikuwa kidole changu.

"Basi," akasema. "Sasa umemaliza."

Eda ilipokwisha aliniita mbele ya kaka yake, Mzee Juma Hamad, na watoto wote wa marehemu, akaniwekea gita mapajani na kusema kwa neno lisilo na shaka, "Tumekupa." Ndilo hilo ulilolikuta kwangu, na sasa unajua kwa nini uzi wake mmoja haufanani na wenziwe.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Gita lile la Chake, usimalizane na mtu wa simu. Nenda nyumbani kwa marehemu, piga hodi, kaa, waulize warithi kama wote wameridhia, na usikie neno "tumekuuzia" kwa sikio lako, si kwa hamu yako. Kisha ndio ulikague. Tazama shingo yake kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao, iwe imenyooka. Livae begani wimbo mzima, maana zito la dukani huwa zito zaidi ukumbini. Lipige kwanza bila spika, tia sikio kwenye mti wenyewe. Rangi haina sauti. Spika nunua kubwa, ya besi, ndogo itakupasukia. Na nyuzi za zamani usizivue mpaka umezisikiliza zinasema nini, wala ukizivua usizitupe ovyo. Amana haiozi, hata ukiitupa uani.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio zito kwa tamaa, akufikishe uzeeni hujadaiwa neno na aliye hai wala aliyelala. Na kila utakapomaliza wimbo, Zuwena wangu, usiwe na haraka ya kuliweka chini. Subiri kidogo.