Mhuri Juu ya Uso

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi katika studio ya picha mjini Nakuru, mtu mzima mwenye mke, na kiburi changu kilinitangulia kazini kila asubuhi. Tajiri wangu, Mhindi mpole aliyevaa suti hata jua likiwaka, ndiye aliyepiga picha. Mimi nilizisafisha, nilizichapisha, na nilizipiga mhuri.

Mhuri ulikuwa wa ile picha ya kwanza, ambayo mteja alipewa aende kuitazama nyumbani kabla ya kuagiza zile safi. Bila mhuri, wengi waliitia kwenye fremu na hatukuwaona tena. Tajiri alikuwa na sheria moja.

"Mhuri weka kwa kona," aliniambia kila mara. "Kwa nguo pia sawa. Hapana weka kwa uso ya mtu."

Basi mteja mmoja akaikata kona kwa mkasi, mhuri ukaenda na kona, na picha akaitundika hotelini kwake bila haya. Tajiri alinigombeza mbele ya watu kana kwamba mkasi ulikuwa wangu. Nilifura. Nikaapa kwamba atakayefuata hatapata mahali pa kukata.

Waliofuata walikuwa mume na mke kutoka Elburgon, mume mpasuaji wa mbao. Walisimama bega kwa bega mbele ya kamera. Mhuri wetu ulikuwa mpana kama kifuniko cha mkebe wa rangi ya viatu, wino wake wa zambarau. Nilifikiria kuupiga kwenye uso wa mume, nikaona atakuja juu. Nikaugandamiza kwenye uso wa mke. Mume aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Tutarudi kuchukua ile safi," alisema.

Hawakurudi. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikikamata watu ovyo. Mume alizolewa kiwandani pamoja na wenzake akapelekwa kizuizini, mke akapakiwa kwenye lori na kurudishwa kwa wazazi wake. Hayo niliyajua baadaye. Sisi tulingoja miezi, kisha nikafanya kama tulivyofanya kwa picha zote zisizochukuliwa: nikakiosha kioo chao, kile cha kamera kilichoshika sura zao na ambacho picha zilichapishwa kutoka kwacho, kwa maji moto na soda mpaka watu wakatoka, kikawa kioo cha fremu ya mteja mwingine.

Baada ya miaka kadhaa mume alisimama kwenye kaunta, amekonda, koti linampwaya.

"Fundi, bado niko na ile," alisema, akaitoa kwenye karatasi ya sukari. "Bibi yangu alikufa huko. Picha yake ni hii peke yake. Hii wino inaweza kutoka?"

Nilijaribu pembeni kwa pamba na spiriti. Wino ulibaki, ikatoka picha. Nikamwambia kioo hakipo. Sikumwambia nani alikiosha.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Hiyo siku tulikuwa tumekosana," alisema. "Nilimlazimisha avae viatu vya dada yake na vilikuwa vinamfinya. Kutoka Elburgon mpaka hapa hakuniongelesha. Mimi nilikuwa naangalia mashine ya picha, sikumwona. Lakini wewe ulimwona kabla ya mhuri. Alikuwa bado amekasirika?"

Nikajitahidi kukumbuka. Nilikumbuka jinsi nilivyoupima uso ule ili uenee chini ya mhuri, na jinsi ulivyoenea vizuri. Uso wenyewe sikuwa nimeutazama.

"Alikuwa anacheka," nikasema. "Kidogo tu."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru mpaka nikatamani kukimbia. Kisha akaigeuza picha, akaniomba nimwandikie hayo maneno nyuma yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona.

Nikayaandika, kwa mwandiko wangu mzuri.