Maji ya Kumwaga

Mama mkwe wangu aliuza mbuzi wake wa maziwa, wa pekee, ili mimi ninunue vifaranga wa nyama. Ilikuwa kijijini Matinyani, miaka ya themanini, nami nilikuwa mke wa juzi tu mwenye mdomo mrefu. Nilimhakikishia kwamba kuku hao watamrudishia mbuzi wake upesi.

Wiki ya tatu vifaranga wakaanza kukaa kitako. Vidole vilijikunja ndani kama ngumi, wakawa wanatembelea magoti. Hofu ilinishika. Nikakimbia kwa daktari wa mifugo, akanipa unga wa vitamini wa rangi ya manjano, wa kutia kwenye maji yao ya kunywa. Nikatia. Siku nne, wapi! Wengine wakazidi kulala.

"Mbuzi wangu ameenda hivyo," mama mkwe akasema, bila kunitazama. Afadhali angenipigia kelele.

Daktari akaja mwenyewe, akainamia ndoo yangu iliyokuwa nje juani.

"Haya maji umechanganya lini?"

"Juzi."

"Na manjano yameenda wapi?"

Maji yalikuwa meupe pe. Jua lilikuwa limeimaliza dawa yote.

"Changanya kidogo kila asubuhi, weka kivulini," akasema. "Yakilala, mwaga."

Mwaga! Ai, huyu mtu alizaliwa wapi? Maji hayo mama mkwe aliyatoa kwenye mto mkavu, kwa kufukua mchanga mpaka mkono unazama kwapani, halafu apande kilima na punda. Kwetu hata maji ya kunawa uso yana kazi ya pili. Ndiyo maana nilichanganya ya siku tatu kwa mpigo, nikijiona mwerevu! Sasa nilisimama na ndoo, nikiona aibu kumwaga jasho lake mbele ya macho yake.

Mama mkwe akaninyang'anya ndoo. "Mwanangu, mbuzi nilishauza. Nitashindwa na maji?" Akayamwaga yote kwenye mpapai, akaenda kumfunga punda madebe.

Wachache walikufa. Wengi walikunjua vidole, wakasimama, wakanona, na tulipowauza mjini tulirudi na mbuzi pamoja na vifaranga wengine.

Kwa hao wengine, mama mkwe hakuniruhusu hata kuugusa ule unga.

"Wewe pumzika," aliniambia huku akikoroga. "Vitamini ni kazi ya watu wazima."